Shukrani kwa mama wa kiti cha dirishani, basi la Tanga

Mama uliyekaa dirishani kwenye basi la asubuhi kutoka Dar kwenda Tanga, shikamoo. Sikukuuliza jina, na hilo linaniuma.

Nilikuwa nasoma Still Alice, riwaya ya Lisa Genova. Alice ni profesa wa Harvard, ana miaka 50, na Alzheima inamnyang'anya kumbukumbu kidogo kidogo. Tulikuwa tumeshapita Chalinze nilipofika pale anapotafuta choo ndani ya nyumba yake mwenyewe, asikione, hadi anajikojolea. Nililia kwa sauti. Mama yangu yalimkuta hayohayo mwezi uliopita, nami nilimkaripia. Riwaya inatuweka upande wa Alice; ndipo nilipoiona hofu aliyokuwa nayo mama siku ile.

Hukuniambia ninyamaze, wala kwamba ni hadithi tu. Ulikichukua kitabu, ukakunja pembe ya ukurasa, ukanipa maji, ukauliza: "Ni mama au baba?" Kisha ukanieleza ulivyomuuguza mama mkwe wako. Mlango wa choo uliubandika picha. Taa ya korido haikuzimwa usiku. Na alipomuulizia marehemu mumewe hukumsahihisha, ulimwomba akusimulie habari zake.

Uliposhuka Segera ulinirudishia kitabu. "Kimalize, halafu kamwombe radhi."

Anayemfahamu mama huyu amfikishie salamu, na mkimwona mtu analia juu ya kitabu, msigeuze uso, muulizeni. Nimekimaliza, mama. Radhi nimeomba, akacheka akanishika mkono, ingawa jioni alikuwa ameshasahau. Picha ipo mlangoni.