Tuchapishieni saa za maji kupwa na kujaa

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe ombi ambalo huenda likaonekana dogo kando ya mambo mazito yanayojaza gazeti lako. Ninaomba mtuchapishie, kila siku, saa za maji kupwa na kujaa katika pwani ya Dar es Salaam pamoja na tarehe ya mwezi mwandamo, pale pale mnapotuwekea viwango vya fedha za kigeni na ratiba ya mechi.

Sina chombo baharini wala si mvuvi. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kigamboni, na mwaka huu dada yangu mkubwa alilazwa wiki tano katika hospitali moja ya mjini, wiki tatu kati ya hizo zikiwa za kusubiri majibu ya vipimo. Aliyewahi kusubiri majibu ya namna hiyo anajua jinsi usiku unavyorefuka na jinsi simu inavyogeuka mzigo, maana unaifungua upate habari za mgonjwa, nayo inakupa kwanza habari za vita, za bei, za ajali na za wanaotabiri mwisho wa dunia. Nilikuwa nikisali, lakini nakiri kwamba ulimi ulisali peke yake, moyo ukiwa umebaki wodini.

Jioni moja nilishuka kwenye pantoni nikashindwa kuingia katika nyumba tupu, nikapitiliza hadi ufukweni na kuketi juu ya ngalawa iliyopinduliwa. Maji yalikuwa yanatoka. Karibu na mguu wangu alikuwapo kaa mdogo mwenye rangi ile ile ya mchanga, akichota mchanga kwa gando, akiutia mdomoni, kisha akiutoa ukiwa kidonge cha mviringo na kukisukuma nyuma yake. Alipomaliza upande mmoja alihamia mwingine, hata shimo lake likazungukwa na vidonge visivyohesabika, vimejipanga kama miale ya jua, na vyote hivyo maji yangekuja kuvifuta usiku ule ule. Nilikaa pale mpaka adhana ya magharibi, na nilipoinuka ndipo nilipotambua kwamba kwa muda wote huo sikuwa nimeogopa.

Nikazoea kwenda. Wanawake wanaochokoa pweza miambani nao wakanizoea, wakanifundisha jambo ambalo mtu aliyeishi pwani umri wote kama mimi alipaswa kulijua: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo huja bamvua, maji yakajaa sana na kukupwa mbali, tofauti ikipita mita 3, na mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu. Mmoja wao alikuwa akiniambia, "Mwalimu, leo rudi nyumbani, maji hayatoki mbali." Kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana, kwa kuwa mwezi nao umesogea katika njia yake. Na ni mwezi huu huu unaotuandamia Ramadhani, na huu huu ambao ndugu zetu Wakristo huufuata katika kuipanga Pasaka yao. Nimefunga miaka mingi bila kufikiri kwamba swaumu yangu na bahari iliyo mbele ya nyumba yangu vinafuata saa ile ile, yaani mwezi.

Kitanda cha dada hakikuwa karibu na dirisha. Nilimsimulia habari za yule kaa, na tangu siku hiyo kila nilipompigia jioni aliuliza kabla hatujamaliza salamu, "Mdogo wangu, maji yamefika wapi?" Nami humwambia yamefika kwenye mkoko wa pili, au yameacha ngalawa zote zimelala ubavu. Kufikia wiki ya tatu alikuwa akiniambia yeye. Siku daktari alipotusomea majibu, ambayo hayakuwa yale tuliyoyaombea, mwezi ulikuwa mpevu. Dada alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza maji yanakupwa saa ngapi leo. Nikamjibu saa nne. Akamgeukia daktari na kumwambia, "Haya, na tuanze hiyo dawa."

Wapo watakaosema kwamba maji hayaliwazi mtu, na wenye haki zaidi ya kusema hivyo ni wale waliopoteza ndugu na nyumba katika mafuriko ya Desemba 2011 kwenye bonde la Msimbazi. Sidai kwamba maji yana huruma, wala simwambii mtu aache hospitali, msikiti au kanisa. Ninachokisema ni kwamba mtu mwenye hofu hupata nafuu akisimama mbele ya kitu kinachokuja kwa wakati wake bila yeye kukihangaikia, na kwangu mimi huko ndiko kumkumbuka Mola kulikorudisha moyo wangu katika sala. Msomaji wa Kimara au Gongo la Mboto, ambaye bahari iko mbali naye, atauona mwezi juu ya bati la jirani wakati akikoka mkaa wa chai ya alfajiri, na akiwa amesoma gazetini kwamba ni siku ya bamvua, atajua ni nini kinachotendeka Magogoni saa hiyo.

Majedwali ya saa hizi huandaliwa mapema kwa mwaka mzima, kwa hiyo kazi ya chumba chako cha habari haitakuwa kubwa, na nafasi ya upana wa vidole viwili chini ya ratiba ya mechi inatosha. Dada yangu sasa yuko kwangu, anaendelea na dawa, na bado hana nguvu za kutembea hadi ufukweni. Gazeti lako huletewa kitandani kila asubuhi.

Msomaji wako,
Mwalimu mstaafu,
Kigamboni, Dar es Salaam