Shoga, Newark Uje na Njaa

Jersey City, New Jersey
4 Mei

Kwako shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, baridi imekwisha na makoti tumeyarudisha kabatini. Ujumbe wako nimeupata, na kilichonichekesha ni lile swali la mwisho: huko kwa Wareno ninakokupeleka, wewe usiyekula nguruwe wala kuonja pombe utakula nini? Swali lako ni la haki. Nalijibu kwa kirefu, maana Manhattan waweza kutembezwa na yeyote, lakini Newark nataka nikupeleke mwenyewe.

Kutoka kwangu tunapanda treni ya PATH mpaka kituo cha mwisho, Newark Penn Station. Ukitokea upande wa Ferry Street umeshaingia Ironbound, mtaa uliozungukwa na reli. Wareno walihamia hapa kwa wingi miaka ya 1960 na 1970, baadhi yao wakiukimbia udikteta wa Salazar na zile vita ambazo vijana wao walipelekwa kupigana Angola, Guinea na Msumbiji. Wengi asili yao ni Murtosa, upande wa Aveiro, watu wa pwani kama sisi. Wahispania nao wapo, hasa wa Galisia, na siku hizi Wabrazili na Waekwado wamejaa tele. Kwa hiyo usishangae kukuta paella, wali wa Kihispania, na bacalhau ya Wareno kwenye menyu moja.

Basi nianze na huyo bacalhau. Ni samaki wa bahari za baridi, siku hizi wengi hutoka Norwe, hupasuliwa akatiwa chumvi na kukaushwa. Kwenye maduka ya Kireno utamkuta amerundikwa mzima mzima, na ile harufu, wallahi, ni ya papa mkavu pale sokoni Malindi. Dukani wanamkata kwa msumeno. Kisha analowekwa siku moja mpaka tatu, kwa unene wa kipande, maji yakibadilishwa tena na tena mpaka chumvi ipungue na mnofu urudi.

Wana namna nyingi za kumpika. Wewe agiza wa kuchoma, kipande kinene cha mgongo, na viazi wanavyoviita batatas a murro. Ni viazi vidogo vinavyookwa na maganda yake, vikiiva vinapigwa ngumi kimoja kimoja mpaka vipasuke, halafu vinamwagiwa mafuta ya zeituni yaliyopitishiwa vitunguu saumu. Mafuta yanaingia ndani ya ile mipasuko, na hapo ndipo utamu ulipo. Samaki mwenyewe hahitaji kisu. Unambonyeza kwa uma anaachana mapande meupe yanayoteleza, chumvi imebaki kwa mbali tu. Kuna na wa krimu, watu wengine wanamsifu sana. Mimi naona krimu inamzika samaki.

Sasa tuje kwenye wasiwasi wako. Nguruwe hujificha mahali usipotarajia. Supu yao ya caldo verde ni viazi vilivyopondwa na majani ya jamii ya sukuma yaliyokatwa membamba mno, lakini juu hutupiwa vipande vya chouriço, na hiyo ni soseji ya nguruwe. Tena wakati mwingine hiyo soseji imeshachemshwa humo humo, kwa hiyo kuitoa kwa kijiko hakusaidii. Paella nayo huweza kutiwa soseji, ndiyo maana sisi tunaomba ile ya vitu vya baharini peke yake. Itachelewa, usianze kumtazama mhudumu kwa jicho baya. Wali wake wa zafarani hubaki na majimaji, na mimi niliyelelewa na pilau la kuchambuka siusifu, ila kamba wake ni wazuri.

Divai ndiyo yenye kazi zaidi kuliko nguruwe. Ile mariscada wanayojivunia wote, kambakoche, kamba na kome ndani ya sufuria moja, ukiagiza ya mchuzi wa kijani utaambiwa ni kitunguu saumu na majani tu, kumbe na divai nyeupe imo. Kome wa mtindo wanaouita Bulhão Pato vilevile: wana saumu, dania, ndimu, na divai. Uliza kabla. Mahali ninapokupeleka nimeshazoeana nao, wananipikia kome kwa mafuta na ndimu bila kununa. Na usije ukaniletea hoja ya kome ni halali au si halali, sisi ni Mashafii, kwa madhehebu yetu ni halali, hilo limekwisha.

Kwa hiyo tutakula hivi: pweza wa Kigalisia, anayechemshwa akalainika, akakatwa na kuwekwa juu ya viazi, akanyunyiziwa unga wa pilipili nyekundu isiyowasha na mafuta ya zeituni. Kisha bacalhau, kisha kome. Sahani ya watu wawili huwashinda watu watatu, kwa hiyo tusiagize kila mtu na yake. Nyama na kuku tuwaachie wenyewe. Meza za jirani zitakuwa na majagi ya sangria, divai iliyotiwa matunda, sisi tutaagiza Sumol ya nanasi, soda ya kwao Ureno, baridi kabisa.

Jambo jingine, wahudumu wengi ni wazee, mashati meupe, wanakupakulia mezani wenyewe. Kuna mmoja aliniuliza natoka wapi. Nilipotaja Malindi akaweka kijiko chini: "Vasco da Gama!" Shuleni walifundishwa jinsi mfalme wa Malindi alivyompokea mwaka 1498. Nikamwambia nguzo yake bado ipo, na watoto wetu huenda hapo kupiga picha. Tangu siku hiyo ananiletea zeituni za ziada, na bili yangu hainipungukii hata senti.

Utamu wa mwisho ni pastel de nata, vile vikeki vya kiini cha yai vilivyoungua madoa juu. Unakula cha moto na unga wa mdalasini. Usile kimoja.

Tarehe sasa. Tarehe 10 Juni ni Siku ya Ureno, siku aliyofariki mshairi wao Camões mwaka 1580, na wikendi za karibu na hapo Ferry Street hujaa bendera na moshi wa sardini za kuchoma. Ukipenda vurugu, njoo siku hizo, tutakula tumesimama barabarani. Ukitaka kukaa na kuzungumza, afadhali wiki inayofuata, katikati ya wiki, jioni mapema. Yule mwanao asiyetaka samaki mwambie kuna tortilla ya Kihispania, mayai na viazi, ataimaliza.

Nijibu kabla ya Ijumaa niwahi kushika meza. Nisalimie mama na wote nyumbani.

Wako,
Mwanakombo