Barua ya Malalamiko: Gasketi ya Peugeot 504 Isiyolingana na Injini Niliyowatajia

Tudor, Mombasa
17 Machi 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Bwana/Bi Meneja,

MINT: GASKETI YA HEDI ILIYOUZWA KUWA YA 504 YA SISI (CC) 1971, NA KUKATALIWA KUREJESHWA

Naandika kuhusu gasketi ya hedi mliyoniuzia, lile bamba jembamba linaloziba kati ya bloku (mwili wa injini wenye silinda) na hedi (kifuniko chake cha juu), baada ya simu na jumbe kugonga mwamba. Vijana wenu wa simu wamenijibu kwa adabu, hilo sina neno nalo, lakini kila mmoja amekuja na sababu yake na hakuna hata mmoja aliyeniuliza vipimo. Jambo lote hili ni la vipimo. Basi naviweka hapa kwa maandishi ili visipotee tena.

Gari langu ni Peugeot 504 stesheni wagoni ya safu tatu za viti, katika zile zilizounganishwa hapa hapa Mombasa na zikabeba abiria wa masafa marefu nchi nzima kabla Nissan hazijazagaa. Injini yake ni XN1, yenye ujazo wa sisi (cc) 1971. Nazitaja herufi hizo kwa sababu 504 ilitoka na injini ya petroli zaidi ya moja. Ile ndogo ni sisi 1796, na tundu la silinda yake, yaani la laina (bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka), lina kipenyo cha milimita 84. Yangu ni milimita 88. Mwendo wa pistoni ni milimita 81 kwa zote mbili, na kwa nje zinafanana kiasi kwamba mtu asiyezizoea atazidhania kitu kimoja. Mpita njia akidhani hivyo haina madhara. Muuza spea akidhani hivyo, mteja ndiye anayelipa.

Kabla sijatoa shilingi nilipiga simu, kisha nikatuma picha ya namba ya injini pamoja na maneno haya: "XN1, laina ya 88, si ile ya 84." Jibu nililopata, na ninalo bado kwenye simu, ni hili: "Ndiyo yenyewe mzee, lipia tukutumie leo." Nikalipa kwa M-Pesa shilingi 6,800 za gasketi na 450 za kuisafirisha kwa basi. Nakala za risiti na jumbe hizo zimeambatishwa.

Kwa nini niliihitaji, mnaweza kuwa hamkuelezwa. Gari lilianza kunywa maji bila kuvuja popote. Asubuhi, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi na injini ndiyo kwanza inawaka, mapovu yalikuwa yakipanda mfululizo. Plagi ya silinda ya tatu ilitoka safi kupita kiasi, imeoshwa, wenzake wana rangi ya kahawia. Nikafungua hedi uani kwangu, na alama ya mahali moto ulipopenya ilionekana waziwazi kwenye gasketi ya zamani. Hedi ya injini hii ni ya aluminiamu na ikipata joto kali hujipinda, kwa hivyo niliipeleka kwa wenye mashine, ikapigwa skimu kidogo, yaani uso wake ukasawazishwa, na kurudi imenyooka. Bolti zikasafishwa, nyuzi za bloku zikapitishwa tapu. Kilichobaki kilikuwa gasketi yenu.

Mfuko ulifika umefungwa vizuri, na lebo ilisema nilichoagiza: 504, 1971. Niliufungua, nikailaza gasketi juu ya bloku. Mashimo ya bolti yalikaa. Njia za maji zilikaa. Hapo mtu mwenye haraka angeshusha hedi na kuanza kukaza. Mimi nilipitisha kidole ndani ya silinda ya kwanza na kukuta ukingo wa pete ya chuma inayozunguka tundu la gasketi unaning'inia ndani ya silinda. Nikachukua kalipa, kile chombo cha kupimia kipenyo. Laina: 88. Tundu la gasketi: halifiki 86. Gasketi iliyo sawa inatakiwa ipite 88 kidogo, ili pete yake ikalie mdomo wa laina na hedi iibane hapo. Hii yenu imeingia ndani zaidi ya milimita moja kuzunguka silinda zote nne.

Nawaeleza kitakachotokea ikifungwa hivyo, kwa sababu mmoja wa vijana wenu aliniambia milimita moja "si kitu". Pete ile itakuwa ndani ya chumba cha mwako, haina cha kuipoza. Itapata moto hadi iwe nyekundu, na mchanganyiko wa petroli na hewa utaanza kuwaka kabla plagi haijatoa cheche. Injini itagonga, pete itaungua, kisha moshi utaingia kwenye maji na maji kwenye silinda, na nitakuwa nimerudi kulekule nilikoanzia, safari hii pengine na pistoni iliyotoboka. Kijana huyo huyo ndiye aliyenishauri nipake silikoni kuzunguka matundu "ili ishike vizuri." Bwana Meneja, silikoni mahali pale ni kama kuziba mtumbwi kwa uji. Ikiwa huo ndio ushauri mnaowapa wateja wa gasketi za hedi, naomba mtu mwingine apewe simu hiyo.

Nilipoomba kubadilishiwa, niliambiwa kwanza kwamba mfuko umefunguliwa. Ni kweli nimeufungua. Mfuko hauonyeshi ndani na lebo ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa chini ya lebo. Sijui ni kwa njia gani nyingine mnunuzi angelijua. Gasketi haijabanwa na hedi hata mara moja. Haina alama ya kubonyea kwenye pete, haina mafuta, haina gundi, na yeyote aliyewahi kuona gasketi iliyotumika atalijua hilo kwa kuitazama tu. Picha nimewatumia, nikaweka na kalipa juu yake namba zikisomeka.

Sababu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike barua badala ya kunyamaza. Nimeandikiwa kwamba "kampuni haiwezi kuwajibika kwa kazi iliyofanyiwa nyumbani na mtu asiye fundi aliyesajiliwa," na kwamba gari lipelekwe kwenye karakana yenu likakaguliwe kwanza. Tuanze na hilo la kulipeleka. Gari halina hedi. Tena laina za injini hii ni za kuchomoka, zimezungukwa na maji, na kinachozishikilia chini ni hedi yenyewe. Hedi ikitoka, laina hazina mshikio. Krenki, ule mhimili unaoendesha pistoni, ikizungushwa kidogo tu, pistoni inaweza kuinua laina, na sili zilizo chini yake zikishaachia, maji yanateremka moja kwa moja hadi kwenye sampu, bakuli la mafuta chini ya injini. Ndiyo maana nimezibana kwa bolti na washa pana, nikafunga kamba kwenye puli na kumkataza kila mtu wa nyumba hii asiiguse. Mnataka nilivute gari hilo kwa lori hadi kwenu, lipigwe na mashimo ya barabara njia nzima, ili mtu wenu apime kipenyo cha gasketi ambayo anaweza kuipima akiwa ameketi kwenye kiti chake kaunta.

Halafu hilo la fundi aliyesajiliwa. Kazi yangu haihusiki hapa hata kidogo, kwa sababu sikuifunga spea yenu. Lakini hata ningekuwa nimeifunga: magari haya yamebaki barabarani kwa sababu wenyewe wanayashughulikia nyumbani. Karakana nyingi za leo kijana anachomeka mashine ya kusoma hitilafu kabla hajafungua boneti, na 504 haina pa kuichomeka. Ina kabureta, ina distributa, ina platini za kurekebisha kwa fila gegi. Anayejua kuzirekebisha mara nyingi ni mwenye gari mwenyewe, au mzee fulani wa mtaa ambaye hana cheti chochote cha kuwaonyesha. Hao ndio wanaonunua spea zenu. Kama sera yenu ni kwamba spea ikifungwa nyumbani haina dhamana, liandikeni hilo kwenye tangazo kabla ya bei, tujue mapema.

Kwenye tangazo mmeandika kitu kingine kabisa. Ukurasa wenu umepambwa na picha ya 504 ya Safari Rally na maneno ya kujisifu kwamba nyinyi ndio mnaowajua "simba wa zamani." Kweli 504 ilishinda Safari mara mbili, mwaka 1975 kwa mkono wa Ove Andersson na mwaka 1978 kwa mkono wa Jean-Pierre Nicolas. Lakini ile ya Nicolas ilikuwa kupe (coupé, ile ya milango miwili) yenye injini ya V6, yaani ya silinda sita, na gasketi zake haziingiliani na hii yangu wala na ile ya sisi 1796. Sisemi hivyo kwa kuwatafutia makosa. Nasema kwa sababu kampuni inayolitumia jina la gari kuuza haiwezi, mteja akilalamika, kumgeukia na kumwambia "gari lako ni la zamani mno, hatuwezi kuthibitisha." Maneno hayo nayo mmeniandikia. Kilichopaswa kuthibitishwa ni gasketi yenu, nayo ni mpya.

Wakati haya yote yanaendelea, bloku iko wazi. Mnaijua hewa ya Mombasa. Laina ni za chuma, na chumvi ya bahari haisubiri barua za malalamiko. Ukiziacha kavu usiku mmoja, asubuhi unaona wekundu. Nazipaka mafuta ya injini na kuzifunika kila jioni. Uso wa hedi nao umefungwa kwa kitambaa safi ndani ya nyumba, maana mkwaruzo mmoja utanirudisha kwa wenye mashine kulipia skimu nyingine. Gharama hiyo sijawadai bado.

Ninachotaka ni hiki. Niletewe gasketi ya XN1 yenye laina ya 88, ikiwa imepimwa kwa kalipa na mtu wenu kabla haijatoka dukani na kipimo hicho kuandikwa kwenye risiti, nauli iwe juu yenu. Kama hamnayo, nirudishiwe shilingi 7,250, yaani bei pamoja na ya basi, kwa njia ile ile niliyolipia. Pili, lile tangazo lirekebishwe au liondolewe, na mifuko mingine ya shehena hiyo ifunguliwe ikaguliwe. Kama lebo ya 1971 imebandikwa kwenye mfuko wangu, sioni kwa nini iwe ni wangu peke yake, na atakayeinunua baada yangu huenda asiwe na kalipa. Tatu, ile kauli ya kwamba kosa ni la kazi ya nyumbani ifutwe kwa maandishi. Nimekasirishwa nayo kuliko fedha.

Kisheria, hamna pa kushikilia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na maelezo yenu yalikuwa sisi 1971. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa taarifa anazohitaji ili anufaike na bidhaa hizo. Sera ya duka ya "mfuko ukifunguliwa haurudi" haisimami juu ya hayo. Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita bila jibu la maana, nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na dai langu katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako kiasi hiki hakihitaji wakili. Ushahidi wote ninao tayari: jumbe, risiti, picha, na gasketi yenyewe.

Gasketi imerudishwa ndani ya mfuko wake, imelala bapa baina ya vipande viwili vya mbao ili isipinde. Mtu wenu anaweza kuja kuichukua siku yoyote ya kazi baada ya saa kumi alasiri. Namba ya simu mnayo kwenye oda. Aje na hati ya kupokea yenye mhuri wa kampuni na sahihi, ikitaja kwamba gasketi imepokelewa ikiwa haijatumika. Bila hati hiyo sitaitoa.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, mwenye 504