Risala ya vijana wazungumzao Kiswahili wa Louisville, Kentucky, kwa mgeni rasmi, siku ya kupima presha

Mheshimiwa mgeni rasmi, diwani wetu,
Wachungaji, mashehe na walezi wetu,
Wazazi wetu wapendwa,
Vijana wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Bwana asifiwe. Asalaam aleikum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama. Pili tunakushukuru wewe, mgeni rasmi, kwa kuitoa Jumamosi yako uje ukae nasi. Risala hii tumeiandika kwa Kiswahili ili wazazi wetu waisikie kwanza kwa masikio yao. Mama yetu mkalimani atakusomea aya kwa aya kwa Kiingereza, tunaomba utuvumilie.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kikundi chetu ni cha vijana wa miaka 12 hadi 19. Wengi wetu tulizaliwa Nyarugusu, kambi ya wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 wazazi wetu walipoikimbia vita ya Kongo. Wengine wametoka Uvira na Fizi, mashariki mwa Kongo, wachache Burundi. Kambini hakuna aliyewahi kutuambia tufanye mazoezi. Maji tuliyabeba kutoka bombani, kuni zilikuwa mbali, shuleni tulikwenda kwa miguu, na jioni tulicheza mpira wa makaratasi mpaka giza. Tulipofika hapa tukapangishiwa ghorofa pembeni mwa barabara isiyo na njia ya watembea kwa miguu. Wazazi wetu wakapata kazi za zamu ya usiku kwenye maghala ya vifurushi. Mzazi aliyekesha akibeba mizigo hawezi kukupeleka mazoezini saa kumi jioni. Saa hiyo amelala, na akiamka anaingia kazini tena.

Mwezi wa tisa, muuguzi mmoja ambaye ni mama yetu hapa kanisani alileta mashine ya presha. Tulipanga foleni tukicheka, kila mtu akitaka kuona namba yake. Ilipofika zamu ya kiungo wetu wa kati, kijana wa miaka 16, mwembamba, mwenye mbio kuliko sisi sote, mkanda ukambana mkono, ukalegea, na namba zikatoka: 138 kwa 86. Mama muuguzi hakusema neno. Alimwambia akae, mgongo uegemee kiti, miguu yote miwili chini, asiongee, akahesabu dakika tano kwa saa ya ukutani. Akapima tena: 136 kwa 84. Hapo kicheko kikaisha. Kwa mwenye miaka 13 na kuendelea, 130 kwa 80 au zaidi ni presha ya juu ikiwa itaonekana hivyo kwa siku tofauti, na kwake ilionekana hivyo wiki tatu mfululizo.

Mama akamuuliza, "Mwanangu, unalala saa ngapi?" Akasema saa tano usiku. "Na unaamka?" Saa kumi na dakika arobaini alfajiri.

Tulikaa naye tukaiandika siku yake yote kwenye daftari. Shule anayosoma haina tena basi la kumchukua karibu na nyumbani, kwa hiyo anapanda basi la mji, anashuka katikati ya mji, anasubiri la pili. Jioni mazoezi yanaisha saa kumi na mbili. Basi likimpita, la pili ni baada ya saa nzima, na kituoni hakuna kibanda wala benchi. Duka pekee lililo wazi ni la kituo cha mafuta, na chakula chake ni chipsi za pakiti zenye chumvi na soda. Nyumbani anaingia saa mbili na nusu, ndipo aanze kazi za shule. Kijana wa umri wake anahitaji saa nane hadi kumi za usingizi. Yeye hafikishi sita. Chama cha Moyo cha Marekani kiliongeza usingizi mwaka 2022 kwenye orodha yake ya mambo manane yanayolinda moyo, na sisi tumeona kwa macho yetu kwa nini.

Alipopewa miadi kwa daktari, mabasi mawili yalimfikisha akiwa amechelewa dakika ishirini. Akaambiwa apange siku nyingine, na siku nyingine ikawa baada ya wiki sita.

Mheshimiwa, tumeambiwa mara nyingi tule matunda na tukimbie. Ushauri ni mzuri na tunaupokea. Lakini anayetushauri hajatuuliza tunafikaje penye matunda na penye uwanja.

Tulipoanza kuuliza kwa nini mji umekaa hivi, mzee mmoja mweusi mzaliwa wa West End, upande wa magharibi wa mji wanakoishi weusi wengi, alikuja kutufundisha. Alisema mwaka 1914 Louisville ilitunga sheria ya kumzuia mtu mweusi kuhamia kwenye mtaa wenye wazungu wengi, na mzungu vivyo hivyo kwenye mtaa wa weusi. William Warley, mhariri wa gazeti na kiongozi hapa mjini wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, aliipeleka sheria hiyo mpaka Mahakama Kuu ya nchi, nayo ikafutwa tarehe 5 Novemba 1917. Tulipiga makofi. Mzee akatuambia tusubiri. Sheria ilikufa, utengano ukabaki. Miaka ya 1930 zilikuja ramani za serikali zilizopaka mitaa ya weusi rangi nyekundu, na mikopo ya nyumba ikaikimbia. Miaka ya 1960 maduka ya watu weusi ya Walnut Street yalibomolewa. Mpaka leo barabara ya Ninth Street ni mpaka kati ya West End na katikati ya mji, ambao kila mtu anaujua. Novemba 2024 ilifunguliwa hospitali upande wa magharibi wa barabara hiyo, ya kwanza kujengwa huko kwa zaidi ya miaka 150. Leo zaidi ya nusu ya watu wazima weusi nchini wana presha ya juu. Sisi tuliokuja juzi tumepanga pale palipo na kodi nafuu, na kodi ni nafuu kwa sababu ya historia hiyo.

Kuna jina moja ambalo baba zetu walilijua kabla hatujazaliwa. Muhammad Ali alikulia West End, Grand Avenue. Mwaka 1954, akiwa na miaka 12, aliibiwa baiskeli, na alipokwenda kulalamika kwa polisi akajikuta mlangoni mwa ukumbi wa ndondi. Waliosoma naye walisimulia alivyokimbia kushindana na basi njia nzima ya shule. Miaka 20 baadaye alipigana Kinshasa, na Kongo nzima ikamwimbia. Walnut Street ndiyo iliyopewa jina lake mwaka 1978. Tunampenda. Ila yeye alikimbia kwa sababu alitaka, na basi lilikuwepo.

Tena hapa hapa kusini mwa Louisville, watafiti wa Chuo Kikuu cha Louisville walipanda miti na vichaka zaidi ya 8,000. Mwaka 2024 walitangaza kwamba wakazi wa maeneo yaliyopandwa walikuwa na kiwango cha chini kwa asilimia 13 hadi 20 cha kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe wa ndani unaohusiana na maradhi ya moyo. Mtaa ukibadilishwa, damu ya watu wake inabadilika. Hili limetupa moyo wa kuja mbele yako na maombi.

Kutoka ghorofa ya pili tunapokaa tunauona uwanja wa mpira ng'ambo ya barabara kuu ya Watterson. Tunaziona hata nyavu. Kuufikia kwa basi ni karibu saa nzima, kwa miguu ni kupita chini ya daraja lisilo na taa wala njia, magari yakikupita ubavuni. Wazazi wametukataza, na wana haki. Ombi letu kubwa ni njia ya miguu na taa chini ya daraja hilo, kama hatua mia nne tu. Tumezihesabu. Tunaomba pia basi la jioni lipite kila nusu saa siku za shule, nauli ya vijana iondolewe, na kituo chetu kipate kibanda na benchi.

Kwa upande wetu, mama zetu waliuza sambusa tukanunua mashine ya presha, hii iliyoko mezani. Kila Jumamosi tunapima na kuandika. Kiungo wetu sasa analala kwa mjomba wake karibu na shule siku nne za wiki. Jumamosi iliyopita alisoma 128 kwa 78. Amekaa safu ya pili, mwenye jezi ya kijani, na ameomba baada ya risala hii akupime wewe, mheshimiwa, awe wa kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.