Da Monika, kuhusu vitabu anavyotaka Rehema

Houston, Texas

Dada Monika mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu ya Mama inaendelea kupata nafuu na korosho zimeanza kuanguka vizuri. Sisi wazima. Shemeji yako bado yuko barabarani na lori, mimi bado nashika zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, na watoto wanakua mpaka viatu vya Tekla vya Pasaka havimwingii tena.

Nimekuwa nikikujibu kwa sauti za WhatsApp, na naona kila nikieleza tunazidi kupotezana. Sasa Rehema naye anataka nimnunulie huku vitabu kama vyetu, amtoe mwanawe shule amsomeshe nyumbani. Leo nimekaa niandike. Yale ya mwanzo msomee Mama, maana nimesikia huko Mtandi wanakwaya wenzake wote wanajua kwamba wajukuu zake wa Marekani hawasomi.

Mwambie wanasoma, ila wanasomea nyumbani. Huku Texas shule ya nyumbani inahesabiwa kuwa shule binafsi. Mahakama ya Juu ya jimbo ilikata hivyo mwaka 1994. Sharti ni uwe na mtaala wa kweli, si wa kuzugia, na ufundishe kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Mkaguzi habishi hodi na mtihani wa jimbo haupo. Ni uhuru wa kutisha kidogo, maana mtoto akiharibika huna mwalimu wa kumlaumu.

Kilichotufikisha hapa ni vile vijitabu vya picha. Tekla alikuwa anavileta kutoka shule, anavisoma mbio mbio, sisi tunapiga makofi. Jioni moja akasoma "house" wakati kilichoandikwa ni "home". Nikaziba picha ya nyumba kwa kiganja, nikamwambia arudie. Alinyamaza, kisha akaanza kunivuta vidole ili aione picha. Ndipo tukajua mtoto anakisia: anatazama picha, anachungulia herufi ya kwanza, anabuni linalofanana. Mjadala wa jambo hili Marekani ni wa miaka mingi. Jopo la kitaifa lililotoa ripoti mwaka 2000 lilikuta kwamba kufundisha herufi na sauti zake kwa mpangilio, hatua kwa hatua, kunawasaidia watoto kujua kusoma, na majimbo mengi sasa yanarudi huko. Wewe wala huhitaji jopo. Nakumbuka ulivyorudi kutoka semina za walimu za Tusome Pamoja, ule mradi wa kufundisha kusoma, unapika huku unatamka "mmm, sss", Mama anauliza kama umepatwa na pepo.

Sasa vitabu. Soko la vitabu vya Kikristo vya shule ya nyumbani huku ni kubwa ajabu. Yapo maonyesho, zipo kumbi za makanisa ambako wazazi huuziana vilivyokwisha kutumika, na humo ndimo mtu wa kipato changu hununua, maana seti mpya ya mwaka mzima inafika mamia ya dola. Nilisimama kwenye meza moja ya mama wa watoto wengi, akanifungulia vitabu vya Abeka, wale wachapishaji wa Pensacola, Florida, walioanza mwaka 1972. Wanaanza na irabu fupi, wanakwenda kwenye konsonanti, kisha wanaziunganisha kwa ngazi: ba, be, bi, bo, bu. Da Monika, nilicheka peke yangu ukumbini. Nimesafiri mpaka Texas kuja kuuziwa ubao wetu wa darasa la kwanza! Hata Bibi wa Mikindani, ambaye hakukanyaga shule ya serikali, alisoma herufi za Kiarabu hivyo hivyo chuoni kwa maalimu: alifu kwa kijiti, kisha be kwa alama za irabu, fatha, kasra na dhumma, ba, bi, bu.

Meza ya pili kulikuwa na BJU Press, wa Greenville, South Carolina. Wao wanapenda zaidi familia za maneno: unashika mwisho, "-at", unabadilisha kichwa, unapata "cat", "hat", "mat". Ni njia nzuri kwa mtoto ambaye sikio lake limelelewa na Kiingereza, kwa sababu lugha yao imejaa mashairi ya kumalizia sawa. Mtoto wa Kiswahili kazoea silabi inayofungwa na irabu. Mpe "ba" kwanza, mkia utafuata. Kwa hiyo tukachukua Abeka, toleo la herufi za kutenganisha, si la mwandiko wa kuunganisha, nikitaka anachoandika kifanane na anachosoma. Kazi za kuandika ni nyingi kwa sababu vimetungwa kwa darasa zima. Mimi nikiwa na mtoto mmoja mezani nafanya nusu, zingine naziruka bila majuto.

Wenzetu wengi wa ushirika huuliza kwanza kitabu ni cha Kikristo kiasi gani. Mimi swali hilo naliweka la pili. Kwenye kitabu cha mtoto wa miaka sita, Ukristo ni picha ya safina, sentensi kwamba Mungu aliumba samaki, na mstari wa kukariri, mara nyingi kwa Kiingereza cha kale cha Biblia ya King James ambacho hata mimi kinanitoa jasho. Ni vizuri, sikatai, na si jambo jipya: watoto wa walowezi wa huku walifundishwa herufi kwa Biblia tangu karne ya 17, A ikiwa ya Adamu. Lakini sauti ya herufi b haina dhehebu. Kama kitabu kinaruka sauti na kumwachia mtoto abahatishe, hata kingekuwa na msalaba kila ukurasa nisingekinunua. Na kuna kingine kizuri sana, All About Reading, ambacho si cha dini kabisa, na wazazi wengi walokole wanakitumia bila kusitasita.

Dhehebu linakuja kujionyesha baadaye, kwenye historia na sayansi. Wachapishaji wengi wa huku wana asili ya Kibatisti, na Christian Light wa kule Virginia ni Wamenoni. Hao hawabatizi wachanga. Sisi Waanglikana tumetoka kwenye uvumba na ishara ya msalaba, imani iliyoletwa Masasi mwaka 1876 na Askofu Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Tekla aliona kwenye kitabu cha hadithi mtu mzima anazamishwa mtoni, akauliza kama yeye alibatizwa vibaya. Nikamtolea picha ile aliyobebwa na wewe, gauni jeupe linaburuza mpaka magotini pako. Alitosheka. Ila nimejua kwamba kuanzia darasa la tatu nitasoma kila kitabu mimi kwanza kabla sijampa.

Kwa sababu hiyo dini ya nyumbani mwetu iko kwa Kiswahili. Kitabu cha Sala, Zaburi, nyimbo za Mama. Nilijaribu kumsomesha Tekla kwa Baba Yetu, akateleza nayo yote huku macho yako dirishani; ile ni kukariri tu. Siku hizi naweka kidole katikati, "hili neno gani?", hapo ndipo anatulia.

Na Kiswahili ndicho tunachosomea kwanza, asubuhi nikitoka kazini kabla sijalala. Kiingereza ni jioni. Kiingereza kina herufi 26 za kubeba sauti kama 44, kwa hiyo kila kanuni ina watoro wake, na maneno kama "said" na "was" hukaririwa tu. Kwetu irabu ni tano na kila moja ina sauti yake, mchezo umekwisha. Danieli ana miaka minne. Nilikata maboksi ya nafaka za asubuhi nikaandika silabi kwa kalamu nene. Akapanga "ba" na "bu", akasema "babu" bila kuambiwa, kisha akazigeuza, akasoma "buba", akacheka mpaka akaanguka kwenye kiti. Hilo hakulikisia, hakuna picha ya buba.

Tekla ndiye aliyenipa taabu. Kadi ya "bibi" aliisoma "baibai", kwa kuwa shuleni alishapewa jina la herufi i kwa Kiingereza. Tangu hapo majina ya herufi nimeyafungia kabatini, nafundisha sauti tu. Konsonanti nyingi hazina ugomvi, m ni m huku na huko. Vita vikubwa ni vya irabu.

Kuna jambo ambalo Rehema anapaswa kulisikia vizuri. Kiingereza cha mama kina mipaka. Mimi "ship" na "sheep" nazitamka sawa, na nimeishi huku miaka yote hii. Tekla anasikia tofauti, mimi sisikii, naye hanionei haya, ananisahihisha mbele ya wageni. Kwa hiyo mtaala wa herufi na sauti za Kiingereza usio na rekodi ya mtamkaji ni kazi bure kwa mzazi kama sisi.

Basi mwambie Rehema asinitumie hela. Mtoto wake anaongea Kiswahili, yuko Lindi, anasoma awali. Vitabu vya kumfundisha "cat" kabla hajasoma "kuku" vitamchelewesha, na gharama ya kuvisafirisha itazidi bei ya vitabu vyenyewe. Na hilo la kumtoa shule kabisa asilifanye. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto akifika miaka saba aandikishwe na ahudhurie shule ya msingi. Haya ya kwetu ni ya sheria za Texas, asije akajikuta anamweleza mtendaji wa kata habari za Houston. Amsomeshe jioni, dakika chache, kwa silabi. Akitaka vya dini, Ndanda ni hapo barabarani tu, Wabenediktini wamechapa vitabu vya Kiswahili miaka nenda rudi. Kiingereza kikifika zamu yake, wachapishaji wengine wa huku, The Good and the Beautiful, wanaruhusu kupakua masomo yao ya lugha bure, achape kurasa chache chache steshenari. Mimi nitamrekodia Tekla akitamka, maana ndiye mwenye sikio.

Kwako nina shida mbili. Nitumie mpangilio wa herufi mnaoufuata darasa la kwanza, mimi nimebuni wangu na sijui niweke wapi ng' na dh. Danieli anasema "zambi" kama Mama, na siku moja moja namwachia. Pili, ukipata vitabu vyenu vya hadithi fupi vilivyochakaa ambavyo shule haivihitaji tena, mpe mtoto wa Mwalimu Hokororo, anakuja huku Desemba. Korosho pia, zilizokwisha kubanguliwa na kukaangwa, uzifunge vizuri. Mbichi wanaweza kumsumbua uwanja wa ndege. Asikubebee mbaazi, hapa zipo kwenye maduka ya Wahindi.

Jumapili nitapiga mkitoka kanisani. Simu ya Mama iwe na chaji.

Mdogo wako,
Fransiska