Kansas City ipi? Barua kwa Baba Mdogo

Overland Park, Kansas

Baba Mdogo, shikamoo.

Barua yako imefika. Umeuliza inakuwaje mume wa Salma amepata kazi Kansas City, halafu tangazo moja la nyumba linasema Missouri na jingine linasema Kansas, na kila dalali anataja "kitongoji" chake. Naomba unisikilize kwa makini, maana hapa ndipo wageni wanapopotezea hela.

Tuanze na neno lenyewe. Kitongoji cha huko kwetu ni kipande cha kijiji, kina mwenyekiti wake, basi. Kinachoitwa hivyo huku mara nyingi ni mji kamili wenye meya, polisi na kodi zake. Overland Park, inayohesabiwa kitongoji, ilikuwa na watu 197,238 katika sensa ya 2020. Kansas City iliyo ndani ya Kansas ilikuwa na 156,607. Na ile Kansas City kubwa, yenye watu 508,090, iko jimbo la pili, Missouri. Usishangae: mji ule ulianzishwa rasmi mwaka 1850 kwa jina la Kansas, kutokana na mto Kansas, na eneo lililokuja kuwa jimbo la Kansas lilitangazwa 1854. Mji ndio uliotangulia.

Wenyeji hutenganisha kwa herufi: KCMO ni ya Missouri, KCK ni ya Kansas. Watu wa Kaunti ya Johnson, yaani sisi wa Overland Park, Olathe, Lenexa na Leawood, wakiwa safarini hujiita wa Kansas City. Wakiwa nyumbani husema "JoCo", kifupi cha Johnson County. Mtu wa KCK usimwambie anaishi kitongojini. Mji wake una historia yake, na kusemwa vibaya na majirani wenye nyumba za bei kubwa hakujaufanya kuwa kiambatisho cha mtu.

Jina linalowachanganya watu zaidi ni North Kansas City. Si sehemu ya kaskazini ya jiji, wala haiko Kansas. Ni mji mdogo unaojitegemea, uko Missouri, na umezungukwa na KCMO. Sehemu ya KCMO iliyo kaskazini ya mto Missouri huitwa Northland. Ukiitazama, nyumba zimeachana, kuna nyasi na hata mashamba, utaapa ni kitongoji. Kisheria ni jiji lenyewe na kodi ya jiji inalipwa.

Mpaka sasa. Kusini ya mto Missouri, majimbo haya mawili yametenganishwa na mstari ulionyooka, na kwa sehemu kubwa mstari huo ni barabara ya kawaida iitwayo State Line Road. Nyumba za mashariki ya lami ziko Missouri, za magharibi ziko Kansas. Majirani wanapungiana mikono, lakini watoto wao wanasoma shule za majimbo tofauti. Mtaa wa 75 au wa 95 unavuka mpaka bila kubadili namba, kwa hiyo jina la mtaa halikuambii kitu. Ukifika KCK mambo yanageuka: kule mitaa yenye namba inakwenda kaskazini na kusini, wakati KCMO inakwenda mashariki na magharibi. 18th Street ipo kote kuwili. Asiyetaja jimbo atashushwa mji mwingine.

Kwa hiyo Salma aisome anwani akianzia mwisho. Postikodi inayoanza na 64 ni upande wa Missouri, 66 ni upande wa Kansas. Kisha aulize kaunti. Jina la mji aliache la mwisho, kwa sababu posta huandika jina la ofisi inayopeleka barua, si lazima liwe la mji unaotawala nyumba hiyo. Anaweza kuona "Shawnee Mission, KS" na asiupate mji huo popote. Ni jina la posta na la wilaya ya shule, linalofunika miji kadhaa ya Johnson. Mji wa Shawnee upo, ila huo ni mwingine. Hata ndani ya Overland Park, nyumba za kaskazini ziko wilaya ya shule ya Shawnee Mission na nyingi za kusini ziko Blue Valley. Namba ya nyumba ndiyo inayoamua, na kila kaunti ina ramani yake mtandaoni ya kuihakiki.

Kodi nayo. KCMO inakata 1% ya mshahara wa kila anayeishi au kufanya kazi ndani yake. Kwenye dola 3,000 ni dola 30 kwa mwezi. Mume wa Salma akifanya kazi KCMO atakatwa hata akilala Kansas, na mwisho wa mwaka atajaza fomu za kodi ya mapato za majimbo yote mawili. Kodi ya mapato aliyolipa jimbo la Missouri hupunguzwa kwenye ile ya Kansas. Asisahau kuidai nafuu hiyo.

Gari: mkazi mpya Missouri ana siku 30 kulisajili, Kansas 90. Missouri inataka risiti ya kodi ya mali ya gari, na mgeni hana. Aende kwanza kwa mthamini wa kaunti apewe cheti kwamba hakuwa akidaiwa. Bila karatasi hiyo atarudishwa kutoka dirishani. Kansas kodi hiyo hulipwa palepale kwenye usajili.

Na akisikia "mashariki ya Troost" ikitajwa kama onyo, aelewe ilikotoka. Troost ni barabara ya KCMO iliyogeuzwa mpaka kati ya weupe na weusi. Katika karne iliyopita mjenzi J.C. Nichols aliuza nyumba pande zote mbili za mpaka kwa hati zilizowakataza watu weusi kuishi humo. Sifa ya "mtaa mzuri" ilianza kuandikwa namna hiyo. Inaniuma kuona ndugu zetu wakiirudia kama ushauri. Wakautembee mtaa wenyewe, mchana na usiku, ndipo waamue.

Mwambie Salma anitumie anwani kamili, yenye namba ya nyumba na postikodi, kabla hajatuma amana kwa mwenye nyumba yeyote. Nitaihakiki siku hiyohiyo.

Msalimie Mama Mdogo na wadogo zangu wote.