Mapichesi ya Mbeya hayafuati saa ya Dar es Salaam

Mhariri,

Msimu wa mapichesi ukifika, maelekezo ya kuyasindika nyumbani huzunguka kwenye simu za watu: menya, panga kwenye chupa, mimina shira, chemsha dakika 20. Kwa aliye Dar es Salaam au Tanga ni sawa. Kwa Mbeya hazitoshi, na tunaomba nafasi tueleze sababu.

Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi moja. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, hivyo sufuria inatokota ikiwa na nyuzi 94 tu. Kuongeza mkaa hakusaidii: maji yatarukaruka zaidi, joto litabaki lile lile. Dawa yake ni muda. Mwongozo wa Idara ya Kilimo ya Marekani unataka chupa ya nusu lita, yenye mapichesi yaliyopata moto kwanza kwenye shira, ichemshwe dakika 20 kwa walio pwani, 30 kuanzia mita 900 hadi 1,800, na 35 kupita hapo. Kwa hiyo Iringa na Mbeya mjini ni 30, Njombe mjini na Makete 35. Chupa ya lita moja iongezewe dakika 5. Na saa ianze maji yakisharudi kutokota, si pale chupa zinapoingia.

Kuna jambo zito zaidi. Mapichesi mengi ya huku ni ya nyama nyeupe, matamu sana, lakini uchachu wake ni mdogo. Pichesi la nyama ya njano kwa kawaida liko chini ya pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu umepungua), jeupe linaweza kuvuka hapo, na juu ya kiwango hicho bakteria wa Clostridium botulinum anaweza kuota ndani ya chupa iliyofungwa na kutoa sumu inayoua. Mbegu zake haziuawi na maji yanayochemka. Sumu hiyo si lazima inuke wala kubadilisha rangi. Kwa hiyo pasua tunda moja kabla ya kununua ndoo nzima. Likiwa jeupe, lile bichi au ligandishe: vipande vya kujaa chombo cha lita moja, gramu 130 za sukari, kijiko cha maji ya ndimu, kisha friza.

Ya njano, chagua yaliyoiva kweli. Usidanganywe na wekundu wa shavuni. Tazama karibu na kikonyo, rangi ya kijani iwe imeisha. Lililochumwa bichi litalainika ndani, utamu hauongezeki. Tumbukiza kwenye maji yanayotokota kwa sekunde 30 hadi 60, hamishia kwenye maji baridi, halafu sukuma ganda kwa kidole gumba. Kwa lililoiva linateleza lote kama soksi. Likigoma, tunda bado, utalazimika kutumia kisu. Yaliyomenywa yakae kwenye maji yenye ndimu, la sivyo yatageuka kahawia mikononi mwako.

Shira nyepesi ni gramu 250 za sukari kwa lita ya maji. Yachemshe humo kidogo, jaza chupa zikiwa za moto, acha nafasi ya sentimita 1 na robo juu, pitisha kijiti pembeni kutoa mapovu, futa mdomo wa chupa. Chini ya sufuria tandika kitambaa, chupa zisipasuke, na maji yafunike vifuniko kwa sentimita 3. Matunda yakielea juu ya shira, mara nyingi yaliingia mabichi yakiwa na hewa, au shira ilikuwa nzito mno. Kugeuza chupa juu chini bila kuichemsha, kama wengi wanavyofanya, si kusindika. Kesho yake bonyeza katikati ya kifuniko: kikicheza, weka chupa hiyo kwenye friji na uile wiki hiyo.

Keki nayo inadai heshima ya mwinuko. Hewa ya huku ni nyepesi, gesi hutanuka haraka, keki hupanda kabla unga haujakamata, kisha hubonyea katikati. Kila kijiko cha chai cha bekingi pauda punguza robo. Kila kikombe cha maziwa ongeza vijiko vikubwa viwili au vitatu. Sukari punguza kijiko kikubwa kimoja kwa kikombe. Mapichesi ya kopo yachuje nusu saa, yafute, yapake unga kidogo, la sivyo yatazama chini na kuacha tope. Yaliyogandishwa yaingie yakiwa bado na barafu, na keki ikae motoni dakika 10 zaidi. Ukioka kwa mkaa, mwingi uwe juu ya kifuniko na kidogo chini, kwa kuwa maji ya tunda hushuka, na chini ndiko keki huungua kabla katikati haijaiva.

Wasindikaji wa matunda,
Mbeya